Dakika ya Ishirini na Tisa

Mbulumbulu, 16 Februari 2025

Kwa mwanangu Hilary,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko Arusha na kwamba unakula chakula, si chipsi tu. Sisi tunaendelea. Mama yako Cresensia mgongo unamsumbua lakini hataki kusema. Mimi kidonda kimefunga. Napumua kwa hili tundu la shingoni kama walivyonifundisha hospitali, na siku hizi sigombani na mtu. Mama yako anasema hiyo ndiyo faida pekee ya upasuaji.

Simu haina kazi kwangu tena. Nikipokea, watu wanasema haloo, haloo, mpaka wanachoka. Kwa hiyo nimenunua daftari. Barua zangu nitampa konda wa basi, zako ziache zifike dukani kwa Lusia pale stendi ya Karatu.

Nasikia bendi yenu ya Nyufa inatengeneza albamu ya wimbo mmoja wa dakika arobaini. Nilidhani zile nyimbo za dakika nne zilikuwa adhabu tosha. Gitaa lako linalia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Lakini mama yako ameniambia mnaimba juu ya makorongo yanavyokula mashamba yetu, nikanyamaza. Ardhi ikikatika nayo hailii kama kwaya ya parokia.

Nina ombi moja. Ile sala yetu ya slufay niliyosema Oktoba hapa uani, siku mbili kabla ya kwenda kukatwa koo, wewe uliirekodi. Miaka thelathini nimewaombea watu hawa mvua na uzazi, mimi nasema, wao wanaitikia. Siku ile walikuja wote, Mathias, mzee Julius, hata wale tuliogombania nao mpaka wa shamba. Sauti yangu haipo tena popote isipokuwa humo. Nitolee nakala. Julius tulimzika mwezi uliopita, nataka kumsikia na yeye.

Baba yako,
Martini


Arusha, 2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kidonda kufunga. Mpe Mama pole ya mgongo, mwambie asibebe maji. Mimi mzima, ila usingizi haba.

Baba, hii kazi ni kubwa kuliko zote tulizowahi kujaribu. Siyo kelele tu kama unavyotutania. Mapigo yanakwenda kumi na moja, yanageuka kumi na tatu, yanarudi kinyumenyume, na ukikosea moja wote mnaanguka. Lengai, mpiga ngoma wetu, amefunga vidole plasta na bado anasema turudie.

Sasa sikia jambo lenyewe. Kwenye dakika ya ishirini na tisa kila kitu kinakatika, halafu unaingia wewe. Ile slufay yako. Nimekaa wiki tatu nikipanga gitaa lifuate kila neno lako, likipanda linapanda, likishuka linashuka.

Shida ilikuwa wale majirani. Kila mmoja anaitikia kwa wakati wake, mwingine anakohoa, hesabu inaharibika. Nimewatoa wote. Sehemu sitini na mbili walizoitikia, moja moja, kisha nikayasogeza maneno yako yakashikana. Sasa unasikika peke yako, safi, utadhani ulikuwa studio.

Nimekuwekea kwenye flashi, konda anayo. Najua utajivunia.

Mwanao,
Hilary


Mbulumbulu, 19 Machi 2025

Hilary,

Tumeamka salama. Flashi imefika, mama yako akaichomeka kwenye redio.

Nani alikuambia kwamba mimi nasema peke yangu? Hujakaa hapa uani tangu ukiwa mtoto? Slufay siyo hotuba. Neno nalitoa mimi, watu wanalipokea, ndipo linakwenda juu. Na mtu ambaye kijiji hakimtaki tunamfanyaje? Hatumpigi. Anasimama kusema, tunanyamaza. Anaelewa, anakwenda nyumbani kwake.

Ndivyo ulivyonifanya. Nimesikia sauti yangu inaombea mahindi, inaombea watoto, inaomba wagonjwa wapone nami nikiwemo, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema ndiyo. Nimelia. Kulia kwangu siku hizi hakusikiki, mama yako alikuwa jikoni na hakujua.

Sina hasira na gitaa lako. Niletee ile ya kwanza, ilivyokuwa, na kikohozi cha Julius ndani yake.

Baba yako,
Martini


Arusha, 11 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nne.

Ile ya kwanza haipo. Kompyuta ilijaa, mafaili ya ngoma ni makubwa mno, na mimi niliona hii iliyokatwa ndiyo bora, nikaifuta nyingine. Nimempelekea fundi, akaihangaikia siku mbili, hakupata kitu. Simu niliyorekodia niliibiwa Desemba.

Najua huwezi kuisema tena. Lakini nimefikiri. Jumamosi ya tarehe 24 nitakuja na spika. Waite majirani. Nitaicheza sauti yako hapo uani, wao waitikie, nami nirekodi upya. Itakuwa kama siku ile.

Nisamehe, Baba.

Mwanao,
Hilary


Mbulumbulu, 2 Juni 2025

Mwanangu Hilary,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka bila kula, mama yako amelalamika juma zima.

Uliona mwenyewe. Walikuja kumi na tisa, wengine wamevaa nguo za Jumapili. Kabla Mathias hajafungua mdomo, neno la pili lilikuwa limeshafika. Umeyabana maneno mno, hakuna pa kupitisha pumzi. Walijaribu mara tatu. Wakaanza kupishana, mmoja huku, mwingine kule, halafu wakaacha mmoja mmoja. Mwisho nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, sauti yangu ikiwaombea watu kumi na tisa, nao wamenyamaza wananitazama.

Siwalaumu wao. Mathias alikuja kesho yake na maziwa, akayaweka mlangoni, hakuingia. Wengine wakipita hapa wanaharakisha. Nadhani wanaona aibu, kana kwamba ni wao walionikataa.

Daktari amesema ugonjwa umehamia kwenye mapafu. Usishtuke, tulijua. Ninachokuomba ni kimoja na ni rahisi: hiyo sauti usiiweke kwenye albamu yenu. Nisiachwe duniani naongea hivyo.

Baba yako,
Martini


Arusha, 20 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Habari ya mapafu imenivunja. Nitakuja mwisho wa mwezi kama utaniruhusu.

Kuna jambo sikulisema. Siku ile nakuja na spika, albamu ilikuwa na siku nane mtandaoni. Niliwaona majirani wamevaa vizuri, nikakosa ujasiri. Hata nilipokuandikia ile barua ya Mei, tulikuwa tumeshaituma kwa wasambazaji.

Inasikilizwa, Baba, tena mbali sana. Wote wanataja dakika ya ishirini na tisa. Mtu mmoja wa Polandi ameandika kwamba hajawahi kusikia sauti ya upweke kama ile. Nilipoisoma nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi jioni nzima, ndipo nikakumbuka ni sauti ya nani.

Jana tumeiondoa mtandaoni. Lengai alikataa, tukagombana, hatuongei. Lakini waliokwisha kuichukua wanayo, na maji yakimwagika hayazoleki. Nijibu chochote. Nitukane ukitaka.

Mwanao,
Hilary


Arusha, 13 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Labda barua ya Juni haikufika. Nimempigia Lusia, anasema Mama aliichukua.

Sijaja kwa sababu hukusema nije.

Mwanao,
Hilary


Arusha, 24 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Mama amenieleza kwenye simu. Anasema barua zangu unazisoma zote, unazikunja, unaziweka kwenye Biblia. Anasema mkono wako una nguvu, juzi umemwandikia mganga wa zahanati ukurasa mzima kuhusu dawa. Basi ni mimi tu.

Inauma, Baba. Kila nikifunga bahasha nahisi kama mtu mwenye wazimu, naongea, naongea. Sikujua kama inauma hivi.

Mwanao,
Hilary


Arusha, 30 Septemba 2025

Baba,

Mama alinipigia alfajiri. Niko stendi, basi la Karatu linaondoka saa mbili, na kwa kuwa nimezoea kukuandikia nimeona niandike. Hii sitampa konda.

Anasema ulikwenda ukiwa umelala, mkono wake uko kifuani pako. Padri ataongoza misa, na baada ya mazishi watu wakishakaa uani, Mathias atasema slufay. Mama ameniambia nisikae pembeni na vyombo vyangu vya kurekodia, nikae katikati ya wanaoitikia. Nilimwuliza kama wazee watanikubali. Akasema njoo tu.

Sijaitikia tangu nikiwa mtoto. Nimekuwa nikijiuliza kama nitajua wapi pa kuingia, na nikagundua kwamba najua vizuri sana. Kila neno linavyoshuka, kila pengo linavyokaa, urefu wake na pumzi yake, nilizitafuta wiki tatu, zote sitini na mbili, nikazikata kwa mkono wangu.

Konda anaita.

Mwanao,
Hilary