Mama, Niliipika Mbegu Yako

Mama,

Shikamoo. Najua ungeitikia kwa kuniuliza nimekula nini, maana ndivyo ulivyoitikia kila salamu yangu tangu nilipohamia mjini. Nimekunywa chai ya rangi, haina tangawizi. Tangu tukuzike sijainunua ya kunywa.

Nina neno la kukuungamia. Siku ya tatu ya msiba wako, nyumba yako ya Kinole imejaa watu, mdogo wako, mama mdogo Anjela, alinituma nikawapikie waombolezaji chai. Nikaingia stoo. Nyuma ya debe la maharage nikakuta tenga limefunikwa majani ya mgomba, na chini yake tangawizi nono, imechipua vijicho vya kijani. Mama, niliviona. Nikasema moyoni, hii imekaa sana, inaelekea kuharibika, heri itumike leo. Mjini ndivyo tunavyojua: tangawizi ikichipua, wahi kuipika.

Nikafanya kazi vizuri kama ulivyonifunza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilivunja vidole vyake kimoja kimoja ili udongo utoke kwenye maungio. Nikakwangua ganda kwa kijiko, maana ulikuwa ukisema kisu kina tamaa, kinaondoka na nyama. Nikakata kwa kukingamisha nyuzi, nikatwanga na chumvi kidogo, nikaichemsha kwanza kwenye maji peke yake, maziwa yasije yakakatika. Vile vijicho nilivinyofoa nikawatupia kuku. Tenga zima, Mama. Watu walikuwa wengi.

Wakasifu. Mzee mmoja wa jumuiya akasema chai hii ni ya marehemu mwenyewe. Nikafurahi, mjinga mimi.

Mama mdogo alikuja jikoni kuongeza chai, akaona maganda, akaona tenga. Akasimama.

"Skola," akasema polepole, "umetupikia mbegu."

Mbegu uliyopewa na bibi, naye alipewa na mama yake, pamoja na lile shamba ambalo kwetu hutoka kwa mwanamke likaenda kwa mwanamke. Mama mdogo alishaacha kulima tangawizi tangu mgongo umshinde. Nilibaki mimi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alijimiminia chai akainywa yote, amefumba macho.

Tangu siku hiyo huniachi. Asubuhi nikichemsha maji nasikia kijiko kinakwangua nyuma yangu, kwa ule mwendo wako wa harakaharaka, halafu kimya. Nikigeuka, hakuna mtu. Mume wangu anasema ni panya. Panya gani anayekwangua, kisha akanyamaza kunisikiliza? Mikono nimeisugua kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya unga, bado inanuka tangawizi. Nikiwa shuleni nasahihisha madaftari, harufu iko kwenye kalamu. Naogopa, Mama. Na asubuhi usipokuja, naogopa zaidi.

Mvua za masika zimekolea. Jumamosi iliyopita nilikwenda shambani kwako na mbegu niliyoinunua sokoni, kwa mama mmoja wa Matombo nisiyemjua hata jina. Nilikitazama kila kipande kabla ya kukilaza, jicho juu. Mama mdogo aliketi pembeni akinielekeza, mara "fukia kidogo tu", mara "hapo umebananisha". Kufika tuta la mwisho nikalia mpaka jembe likanishinda. Siyo mbegu yako. Haitakuwa yako hata nikiipalilia miaka kumi. Yako niliwanywesha watu.

Basi nakuahidi hivi: kila Jumamosi nitapanda mlima kuja kupalilia, mpaka ivunwe. Na kabla mtu yeyote hajaonja, nitatenga ya kupanda, nitaifunika mwenyewe, na kila atakayeingia stoo nitamwambia ile ni nini, hata kama ni mgeni wa siku moja.

Kwaheri, Mama. Nimekuombea misa, nitakuombea nyingine. Na kama bado una hasira, zimalizie kwangu. Ardhi usiiambie, isije ikaikataa mbegu hii.

Mwanao,
Skola