Msalaba wa Chokaa

Jumatatu, 5 Novemba
Tumechota tena maji ya kupima baada ya masomo. Visima vinne vya mtaa na chemchemi ya bondeni, chini ya vyoo vya mtaa wa juu. Mimi nashika chupa, Bolumbu anaandika. Baba yake ni askari kutoka jimbo la Équateur, wanakosema Kilingala, na yeye ni wa timu ya shule ya kambini. Mwalimu wa sayansi ameiunganisha na yetu ya misheni. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, halafu anacheka changu.

Dawa ya kupimia tumetia. Chupa ziko karibu na tanuru la mikate la masista, zipate joto siku tatu. Maji yakigeuka meusi, yana mavi.

Alhamisi, 8 Novemba
Visima vyote vinne viko salama. Chemchemi nyeusi tititi. Ile ile yenye maji baridi na mazuri kuliko yote. Nimekunywa pale tangu utotoni.

Mwalimu amekwenda ofisini kwa wakubwa wa mtaa kuomba tuwakusanye watu tuwaeleze. Wamekataa. Hakuna mkutano, hakuna maneno ya kutisha raia. Alama tu wameruhusu. Mwalimu ametuonya tufunge midomo, hata nyumbani. Nimefunga. Naogopa, na alama itasema yenyewe.

Jumamosi, 10 Novemba
Salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima. Wengine wamefyeka majani, sisi tumepaka chokaa. Bolumbu alitaka maandishi ya Kifaransa. Nimemwambia nusu ya wamama hawasomi. Wazo la msalaba ni langu. Jibu baya kwenye daftari mwalimu analipiga msalaba, nani hajui? Shuleni kwao ni vile vile, akakubali.

Nimeuchora mkubwa juu ya jiwe, pale maji yanapotokea. Mikono imenyooka kabisa. Bolumbu amenitania kwamba unafaa kanisani. Nimecheka. Kopo la chokaa lililobaki nimelileta nyumbani.

Jumanne, 13 Novemba
Foleni ya chemchemi ni ndefu kuliko zamani. Wametoka hata mitaa ya mbali. Nimekasirika. Alama kubwa hivyo, na bado wanachota. Moyoni nimewaita wajinga. Mama mmoja amejipiga ishara ya msalaba kabla ya kuinama. Nikadhani anaogopa maji.

Ijumaa, 16 Novemba
Kalenga, mtoto wa dada yangu mkubwa, yaya Monga, anaharisha. Miezi tisa. Nimekwenda kumwona na kumkuta kambo, bibi yetu, anamnywesha kwa kijiko. Pembeni bidoni, dumu la maji. Nimeuliza yametoka wapi.

«Kule ku bondeni. Padiri alibariki ile mayi, aliweka na musalaba. Minyi nilipita bisima bibili juu ya kuileta. Mutoto atapona.»

Yaya amesema anaharisha tangu wiki iliyopita, kidogo tu, homa ya meno. Maji ya bondeni anakunywa tangu Jumapili. Ni hapo alipozidiwa.

Nimeinua bidoni nikaimwaga nje. Kambo amenigombeza vikali, maji ya baraka hayamwagwi. Nimemwambia yaya ampeleke hospitali. Sababu sikusema. Mimi mwoga.

Jumamosi, 17 Novemba
Tumekwenda kuukwangua msalaba, Bolumbu na mimi, kwa vipande vya matofali. Wamama wametufukuza. Nani anafuta msalaba? Mmoja ametuita bachawi. Bolumbu amelia njia nzima. Mimi nimeshindwa hata kulia.

Msalaba bado unaonekana.

Jumapili, 18 Novemba
Kalenga amekufa asubuhi.

Alhamisi, 22 Novemba
Matanga yamekwisha. Siendi shule. Nimemwambia mwalimu kila kitu. Amesema kosa ni lake pia, alama aliiona na hakuwaza. Haikunisaidia. Amekwenda kwa padri bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sijui nichague lipi. Nikinyamaza, watu wataendelea kunywa. Nikisema, kambo atajua ni yeye aliyemnywesha.

Jumapili, 25 Novemba
Baada ya misa padri amesema hajabariki maji yoyote. Mwalimu ameeleza habari ya vyoo, Bolumbu ameinua chupa nyeusi na nyingine safi ili wote waone. Halafu wakaniangalia mimi. Nimesimama. Nimesema mchoraji ni mimi, na msalaba ule maana yake ilikuwa mbaya, usinywe.

Kambo alikuwa benchi la tatu, upande wa wanawake. Hakuniangalia. Aliangalia mikono yake. Nimemwumiza kuliko kifo chenyewe, na nilijua nitamwumiza.

Alasiri wanaume wamefunika chemchemi kwa mawe.

Jumatano, 28 Novemba
Kambo hasemi na mimi. Anakula kidogo. Alfajiri anakwenda kisima cha shuleni, mbali, na harudi upesi. Bolumbu ameniletea daftari zake ninakili masomo. Sijafungua hata moja.

Ijumaa, 30 Novemba
Leo kambo amesimama mlangoni kwangu.

«Ile chokaa yako, ilibakia?»

Nimesema ndiyo.

«Kaburi ya mutoto iko na mti tu, haiko na rangi. Kuya. Weye njo unajua kupaka.»

Tumekwenda wawili. Ameushika msalaba wa mti usitikisike, mimi nikapaka, mbele na nyuma. Chokaa ilikuwa kidogo, ikatosha. Wakati wa kurudi tumepitia kisima cha shuleni. Amechota, akaninawisha mikono mpaka ikatakata.