Shahidi Asiyeona

Dada yangu,

Hatujambo, ila magoti yangu. Mjukuu wetu alikuwa mafunzoni kwenye ofisi ya mawakili, akipanga majalada. Nilitumaini wangemwajiri, nami nipumzike kuhamahama nyumba za kupanga.

Jumatatu bosi wake alimtaka atie sahihi kama shahidi, kwamba alimwona bibi mmoja akisaini kuuza nyumba. Bibi mwenyewe, mjukuu hajawahi kumtia machoni. Akaja kuniuliza.

Nimechoka, Dada. Nikamwambia, "Saini tu, mama, usijitafutie makubwa."

Akanikazia macho. "Babu, si ndivyo mlivyonyang'anywa nyumba yenu?"

Hakusaini. Leo wamemrudisha bila cheti. Yuko jikoni, anapika huku anaimba, nami sijathubutu kuingia.

Mdogo wako, akusalimuye kwa aibu.