Helikopta ya Mwanao Aminieli

Karatu

Mama mkwe mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Naanza na hili ili usisome ukiwa umeshika moyo: mwanao ni mzima, viungo vyote anavyo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Marangu? Sisi Mungu anatulinda, hasa Aminieli, maana amempa Mungu kazi nyingi.

Mama, mwanao ameunda helikopta. Tangu ile iliyotua hapa ikielekea Kreta ya Ngorongoro, usingizi ulimwisha. Akapata gazeti lenye habari za Mzungu mmoja wa zamani aliyejiundia ya kwake, akaijaribu akiwa na kofia yake ya kutokea, mtambo umefungwa kamba usimtoroke. Basi Aminieli akang'oa injini ya mashine yetu ya kusaga, na dizeli yenyewe siku hizi ni ya kupanga foleni. Kina mama wakawa wanabeba mahindi kupeleka mashine ya mbali, wakirudi wananisalimia bila kunitazama.

Jumapili baada ya ibada akavaa kofia. Kamba aliifunga kwenye nira ya ng'ombe wawili wa jirani yetu Bura, akisema hakuna nanga kama ng'ombe. Nikajiona nafanywa mjane mbele ya kwaya. Nikakata jani la isale pale mpakani, nikamtia mkononi. Unajua mwenyewe, Mchaga hamkatalii aliyemletea isale.

Akalipokea. "Mama Ndeshi, umenifunga mbele ya watu. Haya, sipandi. Ila kuwasha nitawasha."

Akawasha, akaruka pembeni. Mapangaboi yakazunguka huku, mtambo wenyewe ukaanza kuzunguka kule, ukijiviringishia kamba kama mtu anayejifunga shuka. Ng'ombe walipoona wanavutwa kwenye ule upepo, wakageuka, wakashika njia ya Endabash na helikopta nyuma yao, katikati ya maharage ya Bura.

"Fundi," Bura akamwambia, "inalima kuliko plau yangu."

Injini imerudi kwenye kusaga, na salamu zimerudi. Lakini jana akila ameniambia taratibu kwamba kosa lilikuwa mkia, panatakiwa panga dogo huko nyuma. Nimemsihi aache. Anasema akiambiwa na mama yake ataacha. Basi mwandikie upesi.

Nisalimie baba mkwe, wifi Anasia anayekukamulia ng'ombe, na shemeji Kristofa wa kwaya.

Ila usimwandikie kwa ukali. Kabla ng'ombe hawajakimbia, mguu mmoja wa mtambo uliachana na ardhi, Mama, niliuona, na kigelegele cha kwanza kilikuwa changu.

Mkweo akupendaye,
Mama Ndeshi