Keki za Idi Zilizorudi

Garissa, Ijumaa, Idi imeshapita, 1999

Leo upepo umeamka na vumbi tangu alfajiri, na mimi nimeamka na neno moyoni. Kuna mtu ananichimba.

Nasema hivi kwa sababu keki zangu zimerudi. Si kipande kilichobaki, la. Sahani nzima, na kitambaa changu juu yake kama nilivyokifunga.

Kila Idi nawaokea wateja wangu wakubwa, wale wenye biashara wanaonipa kazi ya cherehani: Halima wa duka la vitambaa, na Gedi mwenye hoteli, ambaye mapazia yake yote nimeshona mimi. Ni shukrani. Na pia, nisijidanganye, ni kuwakumbusha kwamba nipo. Halafu keki yangu si ya mchezo. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko, iliki ya kutosha, inafura mpaka inasukuma mfuniko. Mji huu sijaona wa kunifikia. Anayesema yupo, amlete nionje.

Mwaka huu nilizipeleka mwenyewe Idi pili, nimevaa dira mpya. Kote nilikopita niliwaeleza kwa Kisomali namna nilivyooka. Mimi ni mtoto wa Hola, lakini tangu niolewe hapa Kisomali nimekimeza. Kuna wenzangu wa kwetu wamezeeka hapa na hawajui hata kuomba maji.

Gedi alirudisha kesho yake. Eti amefunga zile sita za Shawwal. Nikapokea sahani yangu. Mchana nikapita hotelini kwake, nikamwona na gilasi ya chai ya maziwa, anapuliza.

Halima hakutoa hata sababu. Alimtuma msichana wake wa dukani na sahani, na jana vitambaa vyote vya sare za Form One vikaenda kwa Zeinabu, fundi wa ng'ambo ya barabara. Sare za Form One ndizo kazi yangu ya mwaka. Cherehani ya Zeinabu imelia kutwa, yangu imekaa kimya kama mjane.

Zeinabu.

Basi nikaanza kuunganisha. Si yeye aliyeniuliza ndani ya Ramadhani keki zangu natia nini? Kwani anataka kujua ya nini? Tangu jana salamu yake siitiki. Nimewaza hata habari za uchawi, Mungu anisamehe.

Leo baada ya swala ya adhuhuri nikachoka kudhani. Nikamchukua binti yangu Amina, yule anayesomea ualimu, aliyekuwa wa kwanza darasani kila muhula (sitaki kurudia, mtaa mzima unajua), tukaenda kwa Halima. Nikamuuliza wazi ni nani amenichongea.

Halima akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Abaayo, dada yangu, wewe ni mtu ya swala," akasema. "Lakini bombe hata ukioka ni bombe."

Pombe! Mimi! Nikaapa hapo hapo. Nikamwambia aliyemletea uongo huo aje aseme mbele ya uso wangu.

"Hakuna mtu ameleta. Ni wewe umesema. Umesimama hapa, umesema umetia khamri mingi, ndiyo keki imefura."

Nilikuwa bado nafungua mdomo kujibu, Amina akanishika mkono.

"Hooyo," akasema polepole, "hamira kwa Kisomali ni khamiir. Khamri ni pombe."

Halima alinitazama, akamtazama Amina, kisha akaketi juu ya majora yake ya vitambaa akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Amina naye akacheka. Mimi nilichelewa kidogo kuingia.

Sare za wavulana zimebaki kwa Zeinabu, ameshazikata. Za wasichana Halima amenirudishia. Kwa Gedi amepita Amina kueleza, na Gedi amesema nimpelekee keki nyingine, kubwa zaidi, kwa kuwa amenyimwa yake bila kosa.

Kwa hiyo hakuna aliyenichimba. Shimo nilichimba mwenyewe, kwa ulimi wangu.

Zeinabu nitamwendea kesho asubuhi, nimwitikie salamu zake zote, kwa Kiswahili. Hilo haliniumizi.

Linaloniumiza ni hili. Mwaka jana kwenye harusi ya binti wa Halima nilisimama mbele ya wanawake wote nikamwombea bibi harusi dua ndefu kwa Kisomali. Walicheka, wakapiga vigelegele, wengine wakafuta machozi. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Sasa hivi nimemuuliza Amina siku ile nilisema nini.

Amesema hakumbuki.

Mtoto yule hajawahi kusahau kitu tangu nimzae.