Mume Wangu Huongea Hemani Tu

Mpendwa Bi Hortense,

Nisaidie mama, nakuandikia saa hii ya kujilaza mchana, kambi nzima kimya isipokuwa nyenje, mume wangu Thibaut kalala chini ya mtini mdomo wazi, binti yetu Anouk kaweka miguu yake ya mchanga juu ya mto wangu, na mimi nimekaa mlangoni mwa hema natazama mizabibu inavyoshuka mteremko tuta kwa tuta mpaka unadhani itaingia baharini kuogelea, na moyo umejaa raha na hofu kwa pamoja, sijui nianze na kipi.

Sisi ni watu wa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, na kila Agosti tangu tuoane tunakuja huku kusini, Roussillon, kambi ileile, chini ya shamba la mzee Ferriol anayekamua mvinyo. Sasa, mume wangu nyumbani haongei. Si mkorofi, si mlevi, hana mwanamke nje, haongei tu! Anarudi kazini, anakula, anatumbukiza sahani kwenye mashine ya kuoshea, anasema "ahsante, ilikuwa tamu", anazama kwenye kochi na simu yake, basi, imetoka hiyo. Lakini hapa, Bi Hortense, tukishakula anajitwika beseni la vyombo begani, mimi nachukua sabuni na kitambaa, tunashuka njia ya mawe mpaka kwenye masinki ya kambi, yeye anaosha mimi nakausha, na anaongea, anaongea mpaka maji yanapoa. Jana kaniambia utotoni alitaka kuwa mpiga kengele za kanisa, miaka yote hii nimelala naye sikujua. Anawatania mpaka majirani, "Narcís, hiyo sufuria unaiosha au unaibembeleza?" naye Narcís anamrudishia, "Nyamaza wewe mtu wa mvua, kwenu jua mnalisoma gazetini!" nami nacheka mpaka vijiko vinanidondoka. Kisha tunapanda polepole, milima imegeuka rangi ya zabibu, tini zilizoiva zinanukia njia nzima, tunakunywa glasi moja ndogo ya mvinyo mtamu wa Ferriol, na najiona kama nimeolewa juzi.

Mwaka jana tu ndio raha ilitupita kando, ule upepo wa tramontana ulitupasulia hema tukapewa kibanda cha mbao chenye sinki lake na televisheni yake, kizuri tu, bahari ileile mlangoni, lakini sijui ni uchovu sijui ni nini, Thibaut akanywea wiki nzima, nikaona heri tungebaki Amiens. Lakini hayo yamepita.

Sasa juzi Ferriol katuletea chupa, akaketi, akasema, "Thibaut, nyumba ya marehemu mama yangu pale juu iko tupu, hata panya wamechoka upweke. Njooni mkae. Ila nipate jibu kabla sijaanza kukata zabibu, maana nikianza mavuno sitaki kusikia habari za mtu." Mume wangu, bila hata kunigeukia, akajibu, "Tumekubali." Tumekubali! Nani na nani? Nilipomuuliza akanishika mkono, "Ghislaine, mke wangu, huoni ninavyokuwa hapa? Kule ninakufa." Nikalia, maana ninaona. Nikihama naacha shule ninayofundisha, na mama yangu ambaye macho yanafifia na hafiki sokoni bila mkono wangu. Nikikataa, nitakuwa nimemrudisha mume wangu kaburini mimi mwenyewe. Mavuno yanaanza Jumatatu. Nihame au nisihame?

Ghislaine, hemani

*

Ghislaine mwanangu,

Futa machozi kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa wivu, nikajiona na mimi nanukia tini hapa ofisini. Mara ya pili nikakasirika. Jibu umeliandika kwa mkono wako halafu ukalikanyaga ukapita!

Ati "hayo yamepita". Hayajapita hata chembe. Mwaka jana bahari ilikuwepo, mizabibu ilikuwepo, mvinyo wa Ferriol ulikuwepo, na mumeo bubu. Kilikosekana nini? Beseni, mwanangu. Mle kibandani mlikuwa na sinki lenu. Hakuna aliyebeba kitu, hakuna njia ya kushuka, hakuna Narcís. Sasa niambie, nyumba ya mama yake Ferriol haina sinki? Novemba itafika, watu wa kambi wamekwenda zao, madirisha yamefungwa kwa upepo, na wewe umeketi unamtazama mwanamume yuleyule kwenye kochi jingine, na mama yako yuko upande wa pili wa nchi anapapasa njia ya sokoni.

Wako wanaume ambao ukiwatazama usoni wanafunga mdomo. Wape kazi mikononi, usimame ubavuni, watakueleza mpaka ndoto za utotoni. Marehemu wangu alikuwa anaongea akimenya viazi, basi tulikula viazi mpaka tukavichukia. Na wewe, miaka yote hiyo unamhurumia bubu wako, huko nyumbani hujawahi kumpa hata sahani moja aioshe? Mashine mmeiachia vyombo na maongezi pia!

Hapa msomee Thibaut, kwa sauti: Bwana, "tumekubali" ni neno la watu wawili. Nakuonea huruma, mtu hasemi "ninakufa" kwa mchezo. Lakini ulitoa nyumba ya mkeo kwa glasi ya mvinyo, na hilo ni kosa.

Sasa nisikilizeni. Jumapili mpande wote wawili kwa Ferriol, na Thibaut ndiye aseme, "Mzee, ahsante, mwaka huu hapana." Atawatukana kidogo, kisha atawapa chupa. Mkifika Amiens, chomoeni ile mashine, muiwekee chungu cha maua juu. Beseni la kambi lisiende stoo. Kila jioni yeye aoshe, wewe ukaushe, simu zikae chumba kingine. Siku za mwanzo atanyamaza, usimchokonoe. Wakati wa zabibu mwakani, kama mikono iko majini na bado anasema anakufa, basi tatizo ni Amiens kweli, mhame, na mama yako mumbebe.

Lakini nadhani ataongea. Na siku hiyo, ukiona vyombo vinakwisha naye bado yuko kwenye kengele zake, chukua sahani zilizo safi, uzirudishe majini.

Hortense