Mama Mkwe Ameivalisha Kompyuta Yangu Sketi

Mama Gahongayire mpendwa, pokea salamu zangu za heshima, nakuomba unishike mkono kabla sijapoteza kazi au mke, na tafadhali jina langu usilitaje kwa sababu mtaa wetu wa Remera ni mdogo na watu wanasoma. Mimi ni mchoraji wa nyumba, yaani mtu akitaka kujenga ananiletea ramani na mimi namtengenezea kwa kompyuta video ya nyumba yake kabla hata ya tofali la kwanza, aione ilivyo, atembee ndani, apende au akatae, na kazi hiyo nilikuwa naifanyia katika chumba kidogo cha nyuma kwenye kompyuta kubwa kama kabati, mpaka mke wangu Kirezi alipojifungua binti yetu Ihirwe, mama yake akaja kutoka Ndera kutusaidia kulea, jambo ambalo namshukuru Mungu, na chumba changu akapewa yeye, jambo ambalo pia namshukuru Mungu ila kwa sauti ndogo.

Basi kompyuta ikabidi ihamie sebuleni, na kwa kuwa sebule yenyewe ni ya kupishana kwa zamu, nikanunua kasha dogo la kompyuta, yale ya kisasa ya lita tisa, yaani hata jerikani ya maji inalizidi, lina kioo kushoto na kioo kulia na taa ndani, nikahamishia humo kila kitu, kadi ya picha, feni, nyaya, vikabanana kama nguo katika sanduku la mwanafunzi wa bweni, nikaliweka juu ya kabati la televisheni, nikarudi nyuma hatua chache kulitazama, nikajisifu.

Mama mkwe naye akaja kulitazama. Yeye alikulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Baba Ihirwe, hiki ndicho kinachotulisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na kinakaa uchi namna hii? Wageni wanakuja kumwona mtoto, wanakuta kitu cha thamani kiko uchi sebuleni?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Mama Gahongayire, haukuwa utani. Kwetu televisheni, redio, makochi na hata chupa ya chai vyote vimevaa vitambaa alivyotufumia tulipooana, lakini tangu tumzike baba mkwe hakuwahi kugusa tena sindano ya kufumia, mfuko wa nyuzi ulibaki Ndera umefungwa, tukauliza tukachoka. Siku ile akaagiza mfuko uletwe. Wiki haikuisha, kompyuta ikapata kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu, na Kirezi akaingia jikoni kulia kwa furaha, akaniambia mama amerudi.

Shida ni kwamba kasha langu linapumulia juu, maana pembeni ni vioo, na kitambaa kimekaa hapo hapo juu. Nikiipa kompyuta kazi nzito ya kumalizia video inaanza kulia kama pikipiki inayopanda mlima na abiria wawili, halafu inazima, kimya, kazi yote imepotea. Kirezi, kwa kutaka kumwambia mama yake taratibu asimuumize, akamwambia, "Mama, kile kitambaa ni kidogo, kinateleza." Unaona alichofanya? Mama akafuma kingine, kikubwa, kinashuka mpaka chini pande zote nne, ni sketi kabisa, akaniita nione.

"Sasa hakitelezi tena, Baba Ihirwe. Na hapa mbele nimekuachia tundu la kidole, uwashie."

Nikasema asante mama. Ningesema nini? Sasa akienda kwenye maombi naivua, akirudi naivalisha, na juzi aliwahi kurudi akaikuta uchi, hakusema neno, akaifunika polepole kama mtu anavyomfunika mtoto aliyepiga blanketi teke. Wakati huohuo kuna bwana mmoja wa Kacyiru anasubiri video ya nyumba yake, ameniambia Ijumaa ikipita kazi anampa mwingine. Rafiki yangu Clovis anasema, "Sha, mwambie tu iko na umeme mbaya, akigusa itampiga, ataogopa mwenyewe." Kirezi anasema, "Mnyang'anye mama yangu sindano uone utalala wapi." Mimi naona afadhali ninunue kasha lingine. Naomba uniambie, ni kasha gani dogo lisilopumulia juu, ili kitambaa kibaki, kompyuta ipone, na mama asijue kitu?

Wako,
Mkwe Mwenye Joto, Gisimenti, Remera


MAMA GAHONGAYIRE ANAJIBU

Mwanangu Mkwe Mwenye Joto, jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila umemtaja mke, umemtaja mtoto, umeitaja kazi, umetaja mama mkwe anakotoka na mtaa unakokaa. Kilichobaki ni namba ya geti. Kwa hiyo tuzungumze haraka, kabla majirani hawajafika mwisho wa ukurasa.

Kwanza pole. Pili, kompyuta mimi nimezijua kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga, kwa hiyo nisikilize kwa kiasi hicho. Wewe ulinunua kasha kama watu wanavyonunua viatu vya harusi: ulilitazama, hukulijaribu. Kioo kushoto, kioo kulia. Kioo hakipumui, mwanangu. Kadi ya picha imebandikwa ubavu kwa kioo, inatafuta hewa na kupata sura yake yenyewe. Kompyuta ile kubwa kama kabati ilikuvumilia kwa sababu ndani kulikuwa na uwanja. Lita tisa si uwanja. Hewa yake ni kidogo, inachemka mara moja, lazima itoke upesi na nyingine iingie. Kwa hiyo usimpe mama mkwe lawama zote. Yeye alifunga dirisha la mwisho. Madirisha mengine uliyafunga wewe, na ukalipia.

Ulichoniuliza ni kasha lisilopumulia juu. Yapo, yanayopumulia ubavuni, yanayopumulia nyuma. Lakini hebu soma tena barua yako. Kitambaa cha kwanza kilifunika juu. Cha pili kimefunika pande nne. Ukileta linalopumulia chini, atalishonea godoro. Kasha la kumshinda mwanamke mwenye uzi na nia njema halijatengenezwa, na likitengenezwa hutalimudu. Isitoshe joto hupanda juu. Hiyo ndiyo tabia yake tangu zamani, halikuanza kwa kukukomoa wewe.

Fanya hivi. Kasha usinunue jipya. Toa vile vioo viwili, upeleke vipimo kwa fundi wa vyuma, akukatie bati lenye matundu madogomadogo, ulifunge mahali pa vioo. Hewa baridi iingie ubavuni, ya moto itoke juu. Feni zako zitazame, zote zikubaliane mwelekeo. Wapo watu ambao feni moja inaingiza na jirani yake inairudishia hewa ileile usoni, wanashangaa. Liinue kasha kidogo kwa vijiguu, liache shubiri moja kutoka ukutani, na vumbi upulize mara kwa mara. Siku ukija kununua lingine, na utanunua, nakujua, pima kwanza urefu wa kadi ya picha na kimo cha feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndipo uangalie rangi. Kwenye makasha haya unene wa kidole ndio tofauti ya kuingia na kurudisha dukani.

Sasa Clovis. Mwambie nimemsalimia, na anyamaze. Ukimtisha bibi kwa umeme, hataogopa kwa ajili yake, ataogopa kwa ajili ya mjukuu. Atauchomoa waya mchana kweupe katikati ya kazi yako, na mtoto hatakanyaga sebule tena. Uongo wa Kirezi, ule mdogo, wa heshima, ulikuletea sketi. Huu wa Clovis utakuletea koti.

Na wewe umekaa hapo unaivua na kuivalisha kompyuta nyuma ya mgongo wa mama mkwe, kama mwizi ndani ya nyumba unayolipia kodi. Unaita heshima. Mimi naita uoga uliopigwa pasi. Alipoikuta uchi akanyamaza, unadhani hakuelewa? Alielewa kwamba kazi yake haitakiwi, na kwamba hakuna wa kumwambia kwa nini. Hilo la pili ndilo linalorudisha sindano kwenye mfuko, si ukweli.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Leo, mama akiwa nyumbani na mtoto akiwa amelala, ivue sketi kwa mikono yako mwenyewe, mbele yake. Iwashe kompyuta, ipe kazi nzito. Mwite. "Mama, naomba mkono wako." Aweke kiganja juu, asikie upepo wa moto unavyotoka. Kisha rudisha kitambaa, mkae pamoja, msikilize inavyoanza kulia. Usieleze kitu. Usitaje prosesa. Huyu ni mtu aliyepika maharage miaka yote, anajua chungu kilichofunikwa moto ukiwa mkali kinafanya nini. Muulize tu: "Mama, unaonaje?" Hukumu aitoe yeye. Atakitoa kitambaa mwenyewe, na huenda akakugombeza kwa kuchelewa kusema. Ugombezwe. Umestahili.

Halafu mweleze ukweli wa pili, ambao nao ni ukweli: kompyuta ikilala inahitaji kufunikwa, maana kiangazi kikija vumbi jekundu litaingia katika kila tundu la bati lako jipya. Sketi ivaliwe kazi ikiisha, na Jumapili wageni wakija, mashine ikiwa imezimwa. Zamu hiyo mkabidhi yeye: asubuhi anaifunua yeye, jioni anaifunika yeye. Na Kirezi aende mwenyewe akamwambie mama yake kwamba kitambaa cha kwanza hakikuwa kidogo. Wewe usimsemee, yako yanakutosha.

Kuna jambo moja nimeliona katika barua yako ambalo wewe uliliandika ukapita. Mama huyu amerudia sindano baada ya msiba, na katika nyumba nzima hakuna aliyemwomba kitu. Mmemwachia azunguke sebuleni peke yake akitafuta kilicho uchi. Sasa mwombeni. Ihirwe anahitaji shali ya asubuhi za mvua, wewe unahitaji cha kuwekea kikombe chako mbali na hiyo kompyuta, na mto wa kiti unachokalia kutwa nzima. Mpe vipimo sahihi, mpe na rangi. Akikuuliza rangi gani, usije ukasema "yoyote tu, mama." Hakuna mfumaji aliyewahi kufurahishwa na neno hilo.